Kikomo na Mkimbizi: Uhakiki wa Mchezo wa Pac-Man 256

Yamkini msomaji atashangaa kuuona mchezo wa mashine ukihakikiwa katika kurasa hizi. Lakini mchezo una kanuni, una mhusika, una mgogoro na una mwisho; na hayo ndiyo mambo ambayo mhakiki wa ngano huyachunguza kila siku. Katika makala haya tunakusudia kuuchambua Pac-Man 256, uliotengenezewa simu za mkononi na studio ya Hipster Whale ya Australia na kutolewa na kampuni ya Bandai Namco mwaka 2015. Tutaulinganisha na mchezo asilia uliouzaa. Swali letu ni moja: ni nini hasa hubadilika pale mchezo wenye kikomo unapoondolewa kikomo chake?

Pac-Man asilia, kazi ya Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, ulitokea Japani mwaka 1980. Jina lake limetokana na tanakali ya Kijapani, paku paku, inayoiga mdomo unaofumba na kufumbua wakati wa kula. Hivyo basi mhusika mkuu ni mdomo mtupu. Kazi yake ni kula punje 240 na vidonge 4 vya nguvu ndani ya mzingile uliofungwa, huku akiwahepa mizuka wanne. Ustadi wa Iwatani unadhihirika katika usawiri wa mizuka hao. Mwekundu humfuata mlaji moja kwa moja. Wa waridi hulenga mahali palipo mbele ya mdomo ili amvizie. Wa samawati huichagua njia yake kwa kutazama alipo mlaji na alipo mwekundu pia. Na yule wa rangi ya chungwa, akishamkaribia mlaji, hugeuka akaenda zake pembeni. Bila neno hata moja, tumepewa wahusika wanne wenye hulka tofauti. Zaidi ya hayo, hulka hizo zina kanuni na mzingile haubadiliki. Mchezaji mwenye subira aliweza kuisoma njia mpaka akaihifadhi moyoni, kama vile mcheza bao anavyoyajua mashimo yake 32 na kete zake 64.

Ama kuhusu mwisho, Iwatani hakuukusudia. Hesabu ya duru za mchezo huo iliwekwa katika baiti moja, ambayo haiwezi kubeba namba iliyozidi 255. Mchezaji akiifikia duru ya 256, hesabu humwagika; mashine hujaribu kuchora matunda yasiyo na mahali, na nusu ya kulia ya mzingile hujaa herufi na alama zisizo na maana. Punje za kutosha kuimaliza duru hazipatikani tena. Kwa hiyo pointi za juu kabisa zinazowezekana ni 3,333,360. Aliyejifunza kila kitu hukutana na ukuta ambao elimu yake haiuvuki. Huo ni mwisho wa kitanzia, ingawa ulizaliwa na kosa.

Watunzi wa mchezo mpya wamelisoma kosa hilo kwa jicho la mhakiki, nasi tunawasifu kwa hilo. Wameitoa hitilafu mwishoni wakaifanya mpinzani mkuu: inapanda kutoka chini ya kioo, ikiumeza mzingile usiokoma, nayo humla anayechelewa. Mchezaji hupitisha kidole juu ya kioo na kukimbilia juu. Hata namba 256 imepewa kazi, kwani anayekula punje 256 mfululizo bila kukatiza huwafagilia mbali mizuka wote walioko kiooni.

Hata hivyo, hapo ndipo dhamira ilipogeuka. Shujaa wa 1980 alikuwa mlaji aliyefanya kazi ikakamilika. Wa 2015 ni mkimbizi. Mzingile unatungwa upya kila mara, hivyo hauwezi kuhifadhiwa moyoni, na ujuzi wa mahali umeupisha wepesi wa kidole. Mwisho nao umepungua uzito: kila mchezaji huangukia hitilafu au mizuka, awe hodari awe mzembe, na tofauti yao ni umbali tu.

Mabadiliko haya hayakutengana na uchumi wa simu. Mashine ya zamani ilidai sarafu kabla ya kuanza, na mchezaji alijua alichonunua. Mchezo mpya ulipotolewa ulikuwa wa bure, lakini aliyetaka silaha za ziada alitumia akiba ya nafasi iliyojijaza polepole. Ikimwishia, alisubiri, akalipa, au akacheza bila silaha. Subira, ambayo kwa Iwatani ilikuwa njia ya kujifunza, hapa imetiwa bei. Ni jambo la maana kwamba toleo la kompyuta na mashine za nyumbani la mwaka 2016 liliondoa utaratibu huo, na mchezo haukupungukiwa na chochote.

Kwa kuhitimisha, Pac-Man 256 ni kazi iliyobuniwa kwa akili na yenye fani nzuri, wala hatumlaumu anayeifurahia. Tunachokataa ni madai kwamba ni mchezo ule ule uliohamishwa. Tunapendekeza wahakiki wa fasihi simulizi waichunguze michezo ya aina hii, maana vijana wengi leo hujifunza maana ya kushindwa kutoka katika vioo hivi.