Picha Inayobaki kwa Mwenyewe

Joto la Mahoo, huku Taveta, Kenya, si rafiki wa filamu ya papo hapo. Tuko chini ya Kilimanjaro, lakini theluji yake tunaipata kwa macho tu. Huku bondeni, kwenye migomba na mifereji ya maji, jua la saa saba linachoma. Filamu ya Polaroid inataka joto lisilopungua nyuzi 13 wala kuzidi 28. Likizidi, picha huingia wekundu na umanjano. Likipungua sana, hupauka na kuelekea buluu. Kwa hiyo anayetumia kamera za filamu hii huku kwetu hujifunza kwanza kuishi na saa. Hupiga picha asubuhi, mawingu yakiwa hayajaufunika mlima, au jioni jua likianza kulegea. Pakiti zake hukaa kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandisha, na huzitoa mapema ili zizoee hewa ya chumbani kabla ya kuingia kwenye kamera. Akienda soko la Taveta siku ya Jumatano au Jumamosi, kamera imo ndani ya mfuko wa kitambaa, upande wa kivuli, wala haiachi juu ya dashibodi ya matatu.

Wanaotazama kwa mbali huona kidole kikibonyeza na karatasi ikitoka, wakadhani hiyo ndiyo kazi yote. Kazi imetangulia kidole. Pakiti ya siku hizi ina picha 8 tu, na bei yake inauma. Kila picha ni moja: haina negativu, haina nakala, hairudiwi. Mwenye simu hupiga 20 kisha akachagua. Mwenye kamera hii huchagua kwanza. Hutazama uso, hutazama ukuta ulio nyuma, huangalia jua limesimama wapi, humsogeza mtu hatua mbili aingie kivuli cha mwembe, halafu hungoja mpaka yule mtu achoke kujitengeneza. Hapo ndipo anapobonyeza.

Kuna jambo la nyuso zetu pia. Jicho la kamera linalopima mwanga hupima kila kilicho mbele yake, na mbingu ya Mahoo ni angavu mno. Likiiona mbingu hufunga mapema, na uso mweusi ukabaki giza tupu, macho hayaonekani. Fundi hugeuza kigurudumu cha mwanga kidogo kuelekea upande mweupe, humkalisha mtu kivulini lakini ameelekea uwazi, na hamsimamishi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Picha iliyotoka hivyo, ngozi ikaonekana na rangi zake zote, hudhurungi na wekundu na mng'ao wa paji la uso, utaitambua mara moja kuwa ni ya mtu anayejua anachofanya.

Kamera ninayoiheshimu kuliko zote ni SX-70, iliyotolewa na Polaroid mwaka 1972. Ikikunjwa ni bapa na inaingia mfuko wa koti. Ukikivuta kifuniko juu inasimama, na ndani vioo vinajipanga ili uone kupitia lenzi ileile itakayopiga picha. Lenzi hiyo ina vipande vinne vya kioo, na inaweza kukisogelea kitu hadi kama sentimita 26, karibu ya kutosha kuhesabu mikunjo kwenye kiganja cha mkulima. Betri haimo kwenye kamera yenyewe, imelazwa ndani ya pakiti ya filamu. Ndiyo maana kamera iliyosahaulika kabatini miaka mingi huamka ukiipa pakiti mpya: mota inavuma, na karatasi nyeusi ya kinga inatoka mbele.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya niivulie kofia. Ukibonyeza kitufe chekundu, picha husukumwa katikati ya rola mbili za chuma. Ukingo wake mpana wa chini umeficha kifuko cha dawa. Rola hukipasua na kuitandaza dawa hiyo sawasawa kati ya tabaka za picha. Ndani ya dawa mna weupe utakaokuwa usuli wa picha, na mna rangi nzito ya kuzuia mwanga usiiharibu filamu inapojiosha nje, mchana kweupe. Ukali wa dawa ukipungua, rangi hiyo ya kinga hufifia yenyewe na sura ikaanza kujitokeza. Chumba cha giza, beseni za dawa na maji ya kusuuzia, vyote vimefungwa ndani ya karatasi moja. Filamu za sasa zina kinga dhaifu kuliko za zamani, kwa hiyo picha hulazwa kifudifudi mara itokapo, ikaachwa dakika 10 hadi 15. Haipepewi. Kupepea ni mazoea ya picha za zamani za kubandua, zilizohitaji kukauka. Hizi ukizikung'uta unaweza kuzitenganisha tabaka zake.

Aliyebuni haya, Edwin Land, alisimulia kwamba mwaka 1943, wakiwa mapumzikoni Santa Fe huko Marekani, bintiye wa miaka mitatu alimwuliza kwa nini hawezi kuiona picha palepale. Tarehe 21 Februari 1947 Land aliwaonyesha wanasayansi wenzake mjini New York jinsi inavyowezekana, na Novemba 1948 kamera ya kwanza, Model 95, ikaanza kuuzwa Boston.

Swali la mtoto yule tunalo hata sisi, tena lina uchungu zaidi. Ni wangapi huku wamepigwa picha na wapita njia waendao Ziwa Chala au Ziwa Jipe, wakaahidiwa kutumiwa, wakangoja mpaka wakasahau? Bibi mmoja jirani yangu, muuza ndizi, nilipomwomba nimpige alinijibu, "Mjukuu wangu, nyinyi mnapiga, halafu mnakwenda nazo." Nikamwambia, "Hii, bibi, unabaki nayo." Akavuta kigoda, akaifunga leso yake upya. Picha ilipokuwa imelala kifudifudi mezani hakuigusa wala hakuondoka. Nilipomwambia aigeuze, aliishika kwa pembe, akaitazama kitambo, akaingia nayo ndani bila kunirudishia hata niione vizuri. Nami sikuidai. Ilikuwa yake.

Wengi wetu hatukuzijua kamera hizi kupitia SX-70. Tulizijua studio, kwenye picha za kitambulisho. Fundi alikuwa na kamera ya lenzi nne iliyotoa sura nne kwa mpigo mmoja kwenye filamu ya kubandua. Alivuta karatasi kwa mkono mmoja, kwa mwendo usiobadilika, kwa sababu akisita katikati dawa inaacha mstari. Kisha alingoja dakika moja au mbili, akipunguza muda siku za joto, ndipo akabandua na kukata kwa mkasi. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Obal Denis wa Gulu Real Art Studio alikuwa na mashine ya kutoa picha nne, lakini wateja hawakuhitaji nne. Akawa anapiga picha kubwa ya kawaida na kuukata uso peke yake. Mabaki yake, miili iliyovaa vizuri isiyo na vichwa, mpiga picha Martina Bacigalupo aliyaokota na kuyafanya kitabu na maonyesho. Ukiyatazama unaona mikono ilivyowekwa magotini kwa heshima, na koti lilelile likivaliwa na watu mbalimbali.

Picha ya papo hapo imewahi pia kutumika kumfunga mtu. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba bidhaa za kampuni yao zilikuwa zikitumika kutengenezea vitabu vya pasi ambavyo Waafrika wa Afrika Kusini walilazimishwa kuvibeba. Wakaandamana, na mwaka 1977 kampuni ikaacha biashara nchini humo. Sisi ambao babu zetu walivaa kipande cha mkoloni shingoni tunaielewa hadithi hiyo bila mkalimani. Kamera ni ileile; tofauti ni nani anayeondoka na picha.

Polaroid ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu. Kundi dogo la watu likakinusuru kiwanda cha mwisho, kilichoko Enschede, Uholanzi, na kwa kuwa dawa nyingi za awali hazikupatikana tena, wakabuni upya na kutoa filamu yao ya kwanza mwaka 2010. Bila ukaidi wao, kamera zetu zingekuwa mapambo. Ile ya kubandua haikubahatika: Fujifilm, kiwanda kikubwa cha mwisho kuitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wa Mahoo, Taveta, Mwatate, Wundanyi na Voi. Kama mzee wenu aliacha kamera ya namna hii, msiipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Fungueni mlango wa filamu muitazame. Rola zikiwa na dawa iliyokauka au vumbi letu jekundu, zipanguseni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Madoa yanayojirudia kwa nafasi sawa kwenye picha hutoka hapo. Someni imeandikwa filamu gani, maana filamu ya 600 ina wepesi wa mwanga kama mara nne ya ile ya SX-70, na zikichanganywa picha huungua kwa mwanga au hutoka giza. Kisha nunueni pakiti moja, subirini asubuhi, na picha ya kwanza mpeni aliyepigwa.