Nitaolewa Tukipenda

Siku tatu baada ya kuambiwa nipumzike kwaya, mzee wangu alirudi nyumbani na kitabu cha mtumba alichonunua kando ya barabara huko tauni. Akakiweka kwa meza. "Soma hii, alafu ndio tuongee maneno ya harusi."

Kilikuwa Nitaolewa Nikipenda, tafsiri ya Kiswahili ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii.

Nieleze kidogo. Mimi ni wa Kawangware, upande wa Gatina. Yeye ni wa Kibera, Laini Saba. Tumeishi pamoja miaka minne, njoo-tuishi, na tuna mtoto mmoja. Mimi nimeokoka. Yeye haamini. Si mlevi, si mkorofi, haamini tu kwamba kuna anayemsikiliza akifunga macho. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 wasio na dini, kwa hivyo hayuko pekee yake, ingawa ukikaa kwa ploti yetu Jumapili asubuhi, spika za makanisa matatu zikishindana, utadhani wengine wote wamehama. Pasta aliniambia hivi: alete moyo wake kwa Bwana, kisha nyinyi wawili muingie kwa harusi ya pamoja ya Desemba. Kabla ya hapo, kwaya hapana.

Basi nikasoma. Kiguunda ni kibarua kwa shamba la Ahab Kioi. Ana ekari moja na nusu, na hati yake ameitundika ukutani. Siku moja Kioi na mkewe Jezebel wanakuja kumwambia Kiguunda na mkewe Wangeci kwamba miaka yote hiyo wameishi kwa dhambi, waende wakafunge ndoa kanisani. Wawili hawa wanajipa tumaini kwamba labda kijana wa Kioi anataka kumwoa binti yao Gathoni. Kiguunda anaweka hati rehani ili apate pesa za harusi. Gathoni anapachikwa mimba na kuachwa. Shamba linaenda.

Ilipoigizwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, na wakulima na wafanyakazi wenyewe, serikali iliipiga marufuku baada ya wiki chache, na kufikia mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Ukiisoma unaelewa ni nini kiliwatisha. Hati inapotoka ukutani, mahali pake panachukuliwa na kibao kinachomtangaza Kristo kuwa mkuu wa nyumba, kama kile cha kwa Kioi. Hakuna hotuba hapo. Ni msumari tu na kitu tofauti kimening'inia. Sijaona mwandishi wetu mwingine akieleza deni kwa ufupi hivyo.

Nilimaliza usiku huohuo. Asubuhi mzee wangu akaniuliza, "Umeona?" Kwake yeye somo ni moja: harusi ya kanisa ni njia ya kumfilisi maskini. Nikamwambia sisi hatuna hata hati ya kunyang'anywa, keja ni ya kupanga. Akacheka. "Tuna mikopo ya simu."

Nilikubali. Lakini kuna kitu kilinisumbua, na ilinichukua wiki nzima kukipata. Nilijitafuta kwa hiyo tamthilia, sikujiona. Wangeci hana imani ya kwake. Ana binti wa kuozesha na rinda la kuota. Kioi anaitumia dini kama bunduki, na waumini maskini wanapita tu wakiimba na kuomba mchango wa kujenga kanisa. Hakuna hata mmoja anayemwomba Mungu kwa sababu anaamini anasikilizwa. Haya makanisa ya mabati ya Gatina na Laini Saba hayakujengwa na akina Kioi. Yalijengwa na mama mboga, noti kwa noti.

Na Ngũgĩ alikuwa anajua kuingia ndani ya mke. Kwa Njia Panda, riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1965, mhubiri Joshua anaamini kwa niaba ya nyumba nzima. Mkewe Miriamu anatii, lakini macho yake yanatuonyesha kwamba dini hii alifunzwa akaikubali, na chini yake kuna mwanamke mwingine amelala. Miaka kumi na miwili baadaye, Wangeci hakupewa macho kama hayo.

Ndio maana nadhani mzee wangu aliisoma tamthilia nusu. Ni kweli deni ndilo lililompeleka shamba. Lakini mlango wa deni ulifunguka Kiguunda alipokubali kuigiza. Alimfukuza Kioi kwanza, alafu akaamua kusimama madhabahuni bila kuamini, kwa hesabu ya kupata mkwe. Tamthilia inaliona deni. Uigizaji wenyewe inaupita, kwa sababu humo ndani hakuna muumini wa kuumizwa nao.

Mimi ningeumia. Mzee wangu angeweza kuinua mkono Jumapili moja, apigiwe makofi, nirudishwe kwaya. Wangapi wamefanya hivyo? Yeye alikataa. "Siwezi danganya mbele ya kitu unachokipenda hivyo." Hilo jambo Kiguunda hakuwahi kumwambia Wangeci.

Kanisani nako hadithi ni zilezile. Kila ushuhuda wa mke wa asiyeamini unaisha mume akibatizwa. Hata Monika, mama yake Agostino, kule Algeria ya leo, tunasimuliwa hivyo: alivumilia, Patricius akabatizwa karibu na kufa, mwisho. Hiyo miaka ya katikati, ya kula pamoja na kulea mtoto, inarukwa. Paulo hakuiruka. Kwa barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, anasema asiyeamini akikubali kukaa, msiachane. Mstari wa nira anaoupenda pasta, ulio kwa barua ya pili, hautaji mke wala mume. Pasta atasema sisi hatujafunga ndoa. Sawa, amwambie mtoto hivyo.

Mwaka juzi mtoto alishikwa na homa usiku. Akina mama wa ushirika walikuja saa tano, wakaimba polepole, wakaomba. Mzee wangu alichemsha chai, akasimama mlangoni ameshika sufuria mpaka wakasema amina, ndio akamimina. Kisha akatafuta boda ya kutupeleka hospitali. Nani aandike hiyo? Kwa Ngũgĩ, wale akina mama wangekuja na kopo la mchango. Kwa pasta, yeye angeangusha sufuria akalia na kuokoka.

Desemba ilipita bila sisi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua pia ndoa ya kiserikali, na tumeongea kuhusu msajili. Sijakubali bado, nataka kuombewa siku hiyo, na yeye anajua. Kitabu kiko kwa rafu. Juu yake kuna kibao kama kile cha Kioi, zawadi ya mamangu. Mimi sifiki pale juu. Msumari aliupiga yeye.