Nani Anasimuliwa? Kamera, Mahojiano na Mtoto kama Msimulizi

Mtoto anapopewa kamera apige picha za maisha yake ya kila siku, kisha mtafiti akaketi naye ili azieleze, kinachozaliwa ni matini ya usimulizi. Yafaa basi matini hiyo iulizwe maswali ambayo wahakiki huiuliza hadithi yoyote: nani anasimulia, naye anamsimulia nani? La pili ndilo lipuuzwalo zaidi.

Mbinu yenyewe si mpya. Mwaka wa 1957 John Collier alionyesha kwamba mhojiwa aliyewekewa picha mbele yake hueleza mengi kuliko aliyeulizwa maswali matupu. Picha hizo, hata hivyo, zilikuwa za mtafiti. Lugha ya Kiswahili inaudhihirisha vyema uhusiano huo: mmoja hupiga picha, mwingine hupigwa.

Jijini Nairobi uhusiano huo ulijaribiwa kupinduliwa mwaka wa 1997, wakati Lana Wong alipowapa kamera za plastiki vijana wa chama cha michezo cha MYSA, Mathare. Kazi yao ilichapishwa London mwaka wa 1999 kwa jina la Shootback, jina linalodai kwamba waliopigwa sasa wanalijibu pigo. Dai hilo lina uzito. Lakini kichwa kidogo cha kitabu kinawatambulisha wapiga picha hao kuwa watoto wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, na msomaji anakwisha kuelekezwa la kuona kabla hajaiona picha ya kwanza. Nguo zilizoanikwa zinaweza kusomwa na mgeni kuwa ushahidi wa msongamano, ilhali kwa aliyezipiga picha huenda zikamaanisha kwamba kesho ni Jumapili. Kitabu hakiulizwi kikajibu.

Ndipo mahojiano yanapokuwa na thamani. Katika Children Framing Childhoods (2020), Wendy Luttrell anaeleza utafiti alioufanya katika mji wa Worcester, Marekani, kuanzia mwaka wa 2003. Watoto 36 wa tabaka la wafanyakazi walipewa kamera wakiwa na umri wa miaka kumi. Kila mtoto alihojiwa peke yake, kisha picha zikazungumzwa mbele ya wenzake; baadhi walizirejelea tena walipokuwa vijana. Picha za akina mama jikoni na za vitu vya nyumbani, ambazo mtu mzima angeharakisha kuziona kuwa ishara za ufukara au za tamaa ya mali, zilielezwa na watoto wenyewe kuwa ni habari za malezi na kutunzana. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangaa kuona maelezo yakibadilika hadhira inapobadilika, japo mikusanyo mingi ya nyimbo na vitendawili vya watoto bado huhifadhi maneno na kuitupa hadhira.

Hata hivyo, kuna jambo linalohitaji kuhojiwa zaidi. Watoto hao waliagizwa wamfikirie binamu anayehamia mjini na atakayesoma shuleni mwao, wapige picha zitakazomwonyesha ya kutarajia. Agizo hilo ni la kifani kama ilivyo "Paukwa!": linamuunda msikilizaji kabla ya hadithi. Na msikilizaji huyu ni jamaa, tena mgeni wa kukaribishwa. Nani humkaribisha binamu kwa kumwonyesha aibu ya nyumbani? Upendo unaojaa katika picha hizo ni wa kweli, lakini kwa sehemu umeitwa na hadhira iliyobuniwa. Luttrell anaisoma kwa makini mno hadhira ya mahojiano. Ile ya agizo ameipa nafasi finyu.

Mahojiano mbele ya wenzao yanalipunguza tatizo hili, kwa kuwa marika hawadanganyiki upesi. Hayaliondoi. Wenzao huweza kuibishia picha iliyo mezani. Ile ambayo mtoto aliinua kamera aipige, kisha akaishusha kwa sababu binamu hakupaswa kuiona, haina wa kuiuliza.