Mwandishi na Picha Yake Mwenyewe

Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake mjini Bangui mwaka 1975, akiwa na miaka 13. Mchana aliwapiga wateja picha za pasipoti na za harusi. Jioni, mkanda ukibakiwa na nafasi chache, hakuziacha zipotee bure: alijipiga mwenyewe, kisha akamtumia bibi yake Nigeria picha hizo ili ajue mjukuu wake ni mzima. Mwaka 1994 zilionyeshwa Bamako, na jina lake likavuka mipaka.

Watu husifu mavazi na mapozi yake. Mimi huvutiwa na maandalizi. Anayejipiga picha hana jicho nyuma ya kamera, kwa hiyo kazi yote ya mpiga picha sharti iishe kabla hajaketi: mwanga utoke wapi, kamera iwe juu kiasi gani, mwili uishie wapi. Akishaketi, amebaki kuwa wa kutazamwa tu.

Ufundi huu unamfaa sana mwandishi anayedaiwa picha ya jalada la nyuma na hana fedha za studio. Mwandishi Mfaransa Émile Zola, aliyezama katika upigaji picha kuanzia mwaka 1894, alibuni kifyatulio cha kumwezesha kujipiga. Leo simu ina taima ya sekunde 10.

Mwanga ndio unaostahili subira kubwa. Zima taa ya dari, maana hujaza kivuli kwenye mashimo ya macho. Keti kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, ugeuze uso polepole kuelekea nje mpaka nukta ya mwanga ionekane kwenye mboni zote mbili. Bila nukta hiyo macho huonekana yamelala, hata mtu awe mchangamfu namna gani. Upande wenye kivuli ukizidi giza, tundika shuka jeupe karibu nao, nje ya fremu. Litarudisha mwanga shavuni.

Ngozi nyeusi inadai uangalifu zaidi, na hapa wengi huilaumu sura yao bila sababu. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Ukiketi mbele ya ukuta mweupe itapunguza mwanga, na uso utazama gizani. Napendelea kitambaa cha rangi iliyokolea kidogo, kijani au buluu, kisichong'aa. Kisha mwombe mtu wa nyumbani mwenye rangi inayokaribia yako aketi kwenye kiti chako, ubonyeze uso wake kwenye kioo cha simu na kushikilia mpaka kamera ifunge kipimo na umbali. Hapo ndipo mbadilishane nafasi.

Tumia kamera ya nyuma, lenzi ikiwa imefutwa, na uiegemeze simu juu ya rundo la vitabu usawa wa macho yako. Iwe mbali mita moja na nusu au mbili. Simu inayoshikwa kwa mkono huwa karibu mno, na kilicho karibu na lenzi hukua: pua huvimba, masikio hurudi nyuma. Taima ikianza kuhesabu, tazama chini, toa pumzi, shusha mabega, kisha inua macho mwishoni.

Piga nyingi, lakini usichague peke yako. Uso unaoujua ni ule wa kwenye kioo, uliogeuzwa kulia kuwa kushoto, ndiyo maana picha yako ya kweli hukushtua. Mpe anayekuona kila siku achague. Kwa mchapishaji tuma faili lenyewe, kwa barua pepe au kama dokumenti, kwa kuwa WhatsApp hubana picha za kawaida. Picha ya sentimita 6 kwenye jalada, kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji upana wa pikseli 700 hivi.