Kisu Kinachopata

Kuna watu wana visu ambavyo havijawahi kukata hata kitunguu. Vimelazwa ndani ya masanduku ya mbao yaliyotandikwa kitambaa laini, vimepakwa mafuta, na mwenyewe huvitoa siku akija mgeni wa maana, akavishika kwa leso ili jasho la vidole lisiache alama. Muulize kwa nini havitumii, atakutajia bei. Oktoba 2019, huko Marekani, kisu cha jikoni kilichokuwa mali ya mpishi na mtangazaji Anthony Bourdain, aliyefariki mwaka uliotangulia, kilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola 230,000, yaani zaidi ya shilingi za Tanzania milioni 500 kwa thamani ya wakati ule. Kilifuliwa na mhunzi mashuhuri Bob Kramer, na katika bapa lake mlikuwa na chuma cha kimondo. Nani atathubutu kumenyea viazi kisu cha milioni mia tano?

Unaweza kudhani kwamba swali la kukitumia kisu au kukitunza ni la wenye fedha za kuchezea. Mimi naona watu wa Ugweno wana la kusema juu yake kuliko mnada wowote, kwa sababu wazee wao walikijua chuma tangu kikiwa mchanga mtoni.

Ugweno iko Wilaya ya Mwanga, Upare Kaskazini: migomba na mibuni kwenye miteremko, Ziwa Jipe likiwa chini upande wa mashariki, na Kilimanjaro ikijitokeza kaskazini-magharibi mawingu yakiruhusu. Zamani, katika milima hii, chuma hakikungoja meli. Mvua ilipopiga, vijito viliteremsha mchanga mweusi na mzito, unaotuama chini wakati mchanga wa kawaida unachukuliwa na maji. Ulikusanywa, ukaoshwa, ukamiminwa tanurini pamoja na makaa, huku mivukuto ikipuliza bila kupumzika. Kilichotoka kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na takataka, na mhunzi alilipasha moto tena na tena akilipiga mpaka lisafike. Takataka hizo, yaani mavi ya chuma, ndizo zilizobaki ardhini kutoa ushahidi. Mwaka 2018 mtafiti Louise Iles na wenzake walichapisha katika jarida la African Archaeological Review uchunguzi wao juu ya mabaki ya kazi hiyo Upare Kaskazini na jinsi ilivyohusiana na mabadiliko ya ardhi.

Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilichotoka 1969, alikusanya masimulizi ya wazee yasemayo kwamba watawala wa kwanza wa Ugweno walikuwa Washana, ukoo wa wahunzi. Baadaye Wasuya, wakiongozwa na Angovi, waliwapindua, na Mranga mwana wa Angovi akaupanga upya utawala. Kiti kikahama, nyundo haikuhama. Washana waliendelea kufua, kwa kuwa mtawala mpya naye alihitaji majembe ya kulimia na mikuki ya kujilinda. Wachaga, watani wetu wa ng'ambo ya bonde, nao walinunua chuma cha Upare kwa mahitaji hayo hayo. Leo ukikutana na Mshana, huenda ni mhasibu au daktari, na nyundo pekee aliyonayo nyumbani ni ya kupigilia misumari.

Chuma cha viwandani kutoka Ulaya kilipoanza kuingia kwa wingi, mwishoni mwa karne ya 19 na katika enzi ya ukoloni, tanuri za kuyeyushia zilizimika. Kilichosalia ni ufuaji. Mhunzi wa siku hizi hutumia chuma chakavu: nondo kwa kazi nyepesi, springi ya gari kwa chochote kinachotakiwa kukata. Springi ina kaboni karibu asilimia 0.6, na hiyo kaboni ndiyo inayokifanya chuma kikubali makali.

Tazama kipande cha springi kinavyogeuka kisu. Kinapashwa mpaka kiwe chekundu kisha kinawekwa juu ya fuawe, na kila pigo la nyundo linakisukuma kiwe chembamba kuelekea upande mmoja. Kikipoa kidogo kinarudi motoni, maana chuma kilichopoa kikilazimishwa hupasuka. Umbo likipatikana, tupa inafanya kazi yake. Halafu inakuja hatua ambayo kazi yote ya mchana kutwa inaweza kupotea kwa dakika moja: kisu kinapashwa kwa mara nyingine na kuzamishwa ndani ya maji au mafuta. Kikiwa na moto mwingi kupita kiasi, kitakuwa kigumu lakini kitavunjika kikianguka. Kikiwa na moto pungufu, unaweza kukinoa hadi jioni na hakitapata. Kikitoka majini kinapashwa tena kidogo, fundi akitazama rangi inavyotambaa kwenye chuma kilichong'arishwa, kutoka manjano kwenda kahawia kwenda zambarau, naye huchagua rangi ya kukomea. Kipimajoto hana, ana jicho na kivuli cha kibanda chake, kwa sababu kwenye jua kali rangi zote hudanganya. Mwisho mkia wa kisu unachomwa, unasukumwa ndani ya mpini, moshi unafuka, na mti unajitoboa wenyewe kwa kipimo cha chuma kile kile.

Sasa kiweke kisu hicho kabatini, pembeni yake uweke kingine kilichoharibika majini. Hakuna mgeni wa maana atakayevitofautisha. Visu viwili vikiwa vimelala hufanana, kizuri na kibovu, kwa kuwa kazi ngumu ya mhunzi imejificha ndani ya chuma na haitoki mpaka kitu kikatwe. Mwenye kukitazama tu anasifu mpini, mng'aro na jina lililochongwa. Ubora wenyewe husomwa kwa mkono, pale ngozi ya nyanya inapoachana bila kubonyea, au mchinjaji anapofika kwenye kiungo bila kukinoa tena njiani.

Kutumika nako kuna namna yake ya kulinda. Menya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma cha springi uone: utomvu unaking'ang'ania chuma, na baada ya kazi ya siku chache bapa linakuwa jeusi lenye mawimbi ya bluu. Wengine hulisugua kwa jivu na limau wakidhani ni uchafu. Ni utando unaotokea utomvu unapokutana na chuma, na huo utando hupunguza kasi ya kutu nyekundu. Kisu kinachokatiwa kila siku hufutwa kila siku pia, na macho ya mwenyewe huona doa likingali changa. Kisu kilichofungiwa ndani ya ala ya ngozi kwa heshima, kwenye nyumba ya mlimani yenye ukungu, kinapata unyevu wa ngozi mchana na usiku, na siku ya kukitoa mgeni anaonyeshwa vishimo.

Hata hivyo wanaotunza wana hoja, na ni hoja nzito. Wahenga walisema kinolewacho hupata. Hawakusema kwamba kinolewacho pia huisha, lakini ndivyo ilivyo. Kila mara kisu kinapopita juu ya kinoo, kuna tope la kijivu linalobaki kwenye jiwe, na tope hilo ni chuma. Karibu kila nyumba ya zamani Upare ina kisu cha bibi ambacho kilianza na bapa pana la vidole vitatu na sasa hakizidi upana wa kidole kimoja, tumbo likiwa limeingia ndani mahali kinaponolewa zaidi. Kisu hicho kimelisha watoto na wajukuu, na bado kimeliwa. Kama kisu ni kazi ya fundi aliyebobea, kukitumia ni kuimaliza kazi yake polepole. Nani ana haki ya kumaliza kitu kizuri?

Jibu nililoliamini zaidi linatoka mbali. Huko Japani kuna hekalu la Ise, ambalo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, ingawa lile la zamani halijaanguka. Mara ya karibuni ilikuwa 2013, nayo ilikuwa ya 62. Pamoja na majengo, hazina zake pia hutengenezwa upya, zikiwemo panga. Panga hizo hazimkati mtu, wala hazipasui kuni. Ila kila baada ya miaka 20 kuna wahunzi wanaopata kazi, na miaka 20 inatosha kwa aliyekuwa mwanafunzi kurudi akiwa fundi. Huko hawakuchagua kulinda upanga. Walichagua kulinda ile siku ambayo upanga unaagizwa.

Hapo nikaona kwamba tunabishania kitu kisicho chenyewe. Kisu kutumika au kutotumika si mwisho wa jambo. La maana ni kama kuna kingine kitakachofuliwa baada yake. Kisu cha jikoni kina bahati, kwa kuwa kukitumia ndiko kunakoleta oda ya pili. Kisu cha sandukuni hakimpi mhunzi chakula zaidi ya mara moja.

Uchungu unaanza hapo tukirudi Ugweno. Wajapani nao walikuwa na chuma chao cha mchanga mweusi, kilichoyeyushwa kwa makaa kwenye tanuri la udongo. Kwao pia chuma cha viwandani kililizima tanuri. Mafundi wa panga walipoishiwa na chuma hicho, tanuri moja liliwashwa tena mwaka 1977 katika Mkoa wa Shimane, na hadi sasa huwashwa wakati wa baridi, likapulizwa siku tatu mchana na usiku. Walichelewa, lakini waliwakuta wazee waliokuwa wanakumbuka. Hapa kwetu jaribio la namna hiyo lilifanyika Buhaya miaka ya 1970, wazee wa Kihaya walipoombwa na mtafiti Peter Schmidt wayeyushe chuma kama zamani. Walikuwa hawajaifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na iliwabidi washindwe kwanza ndipo mikono ikumbuke. Mikono iliyokwisha kuzikwa hairudishiwi kumbukumbu kwa kujaribu tena.

Kuna pia thamani inayopanda kwa sababu kitu kinaadimika, na hiyo milima hii iliionja. Miaka ya 1970, fedha za mafuta ya Uarabuni zilipoifikia Yemeni, wanaume wengi waliweza kununua jambia lenye mpini wa pembe ya faru, lililokuwa fahari ya wachache. Soko la pembe lilikuwa na wateja wengine pia, lakini mipini hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya soko. Chini ya Milima ya Upare, hifadhi ya Mkomazi iliwapoteza faru wake weusi wote. Wa kwanza kurudishwa waliletwa 1997 kutoka Addo, Afrika Kusini, wakawekwa ndani ya uzio. Ndivyo kisu cha kujionyesha kinavyoweza kumla mnyama asiyewahi kukiona. Tofauti na hiyo ni njia waliyoifuata Waomani kwa khanjari zao: mwaka 2022 UNESCO iliiingiza khanjari kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na kilichoorodheshwa ni ujuzi wa kuitengeneza na desturi za kuivaa, si khanjari fulani ndani ya kioo.

Kwa hiyo mwenye kisu cha bei akiniuliza, sitaanza na bei. Nitamuuliza kama aliyekifua yu hai, na kama kuna kijana anayemvutia mivukuto. Kama wapo, kisu kifanye kazi. Kikatie nyama, kifute, kipake tone la mafuta ya cherehani, kinoe bila huruma, na kikiisha agiza kingine. Kama hawapo, hapo ndipo kutunza kunapokuwa wajibu. Mkuki au jembe lililofuliwa kwa chuma cha mchanga wa Ugweno halina mwenzake, na mwenye nalo asilinoe wala asilipige msasa ling'ae. Mabaki madogo ya mavi ya chuma yaliyonaswa ndani yake humweleza mtaalamu lilivyoyeyushwa, na athari za nyundo juu yake zikishafutwa hazirudi. Likae mahali pakavu, wengine waruhusiwe kulipima na kulipiga picha, na anayelionyesha aseme wazi kwamba linatunzwa kwa sababu tulimpoteza fundi.

Wapare tunataniwa kwa ubahili, na najua watani watasema Mpare hukifungia kisu kabatini ili makali yasipungue. Sawa, na tufanye hesabu ya kibahili basi. Kisu cha kabatini ni fedha iliyolala, na mhunzi aliyekosa kazi atafunga kibanda, kisha mjukuu atalazimika kununua cha kiwandani kinachokunja ukingo kwenye ubavu wa mbuzi. Ni nafuu kumfuata mhunzi leo, kumlipa anachotaja, na kumrudia siku bapa limekwisha. Mhunzi akiletewa kisu chake kilicholiwa na kinoo hadi karibu na mpini, hahitaji hotuba ya kumsifu. Hiyo ndiyo sifa yenyewe, tena imekuja na oda.