Sarafu ya Pembe Nne ya Akbar: Je, ni Ushahidi wa Ukafiri?

Miongoni mwa hoja zinazotolewa mara kwa mara dhidi ya Jalaluddin Akbar, mfalme wa Mughal aliyetawala India kuanzia mwaka 1556 hadi 1605, ni sarafu zake za fedha zenye pembe nne. Inadaiwa kwamba kwa kuondoa shahada na kuandika "Allahu Akbar, Jalla Jalaluhu" alikusudia kujipa uungu, kwa kuwa maneno hayo yanabeba majina yake mawili. Tunaona hoja hii inahitaji kuchujwa.

Tuanze na umbo. Sarafu ya mraba haikuwa uzushi wa Akbar. Dola ya Muwahhidun huko Maghrib na Andalus ilitoa dirham za mraba karne kadhaa kabla yake. Tena, rupia za mraba za mwanzo zilizopigwa Fatehpur, mji wa kifalme ulioanza kujengwa mwaka 1571, zilikuwa na shahada. Pembe nne hazina hatia.

Ama maandishi, Abdul Qadir Badauni, aliyekuwa mpinzani mkali wa mwenendo wa Akbar, anasimulia kwamba mfalme alipotaka shauri kuhusu maneno "Allahu Akbar" kwenye muhuri na sarafu, Haji Ibrahim alipinga kwa kuwa yanaweza kufahamika vibaya. Alipendekeza badala yake maneno ya Qur'ani kuhusu ukubwa wa kumkumbuka Allah. Akbar alichukia, akajibu kuwa kiumbe dhaifu hawezi kudai uungu. Kauli hii ya kujitetea imehifadhiwa na hasimu wake, kwa hiyo ina uzito. Hata hivyo, Haji Ibrahim alikuwa na haki: kiongozi wa Waislamu hutakiwa kujiepusha na maneno yenye utata.

Vipi kuhusu kuondolewa kwa shahada? Aurangzeb, aliyetawala kuanzia 1658 hadi 1707 na kusifika kwa uchaji, naye aliiondoa kwenye sarafu, akihofia isivunjiwe heshima mikononi mwa watu. Kitendo ni kimoja, nia ni mbili. Basi kitendo hicho peke yake si dalili ya ukafiri.

Lawama nzito zaidi iko kwenye tarehe. Mwaka 1584 Akbar alianzisha kalenda ya Ilahi, ya mwaka wa jua, iliyohesabiwa tangu alipotawazwa, na sarafu zake zikaacha mwaka wa Hijra. Kuweka utawala wake mahali pa Hijra ya Mtume (s.a.w.) ni jambo la kukemewa bila kigugumizi.

Lakini kukemea si kukufurisha. Suratul Hujurat inatuonya tujiepushe na dhana nyingi. Anayepanda mimbari na kumtoa mtu katika Uislamu kwa maandishi ya sarafu, kesho atamtoa jirani yake kwa hoja nyepesi zaidi.

Wallahu aalam.