Ziwa la Mama Mwingine: Kumlisha Mtoto Mchanga Maafa Yanapofika

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, ubavu wa Mlima Hanang uliolowa mvua ulimeguka, tope, mawe na magogo vikateremka hadi Katesh, Gendabi na Jorodom, mkoani Manyara, Tanzania. Watu 89 walifariki, na familia nyingi zikalala shuleni. Kwenye kambi za namna hiyo blanketi, unga na maharage hufika kwa lori. Mtoto wa wiki tatu ambaye mama yake amefariki au amelazwa hali mbaya hana cha kula humo, wala hawezi kusubiri kesho.

Wengi hukimbilia maziwa ya kopo. Baada ya tetemeko la Yogyakarta, Indonesia, Mei 2006, makopo ya msaada yaligawiwa kiholela, na kuhara kukawa mara mbili zaidi kwa watoto waliopewa kuliko kwa wasiopewa. Kopo linadai maji salama, kuni na chombo safi, vitu ambavyo tope limekwisha kuvichukua. Ng'ombe wapo tele Hanang, lakini maziwa yao yana protini na chumvi zinazolemea figo za mtoto mchanga, madini ya chuma ni haba, na yasipochemshwa hubeba ugonjwa wa brusela. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya kulisha watoto wakati wa dharura inataka kwanza mama asaidiwe kunyonyesha. Ikishindikana, atafutwe mwanamke mwingine mwenye maziwa. Kopo huja baadaye, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya.

Kupata ziwa ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye utaratibu unaomzunguka mwenye ziwa hilo.

Tuanze na hesabu. Mtoto wa kilo 3 anahitaji takriban mililita 450 kwa siku, akinyonya mara 8 hadi 12, usiku na mchana. Kwa hiyo mnyonyeshaji lazima alale pale alipo mtoto. Akiwa kambi ya pili, mpango umekufa usiku wa kwanza. Maziwa yenyewe huongezeka kadiri yanavyonyonywa, na akina mama wa mapacha ni ushahidi wa kutosha. Lakini mwili wake unadai karibu kilokalori 500 zaidi kila siku kwa mtoto huyo wa ziada, pamoja na maji. Anayeandika orodha ya mgao na kumhesabu kama mtu mmoja tu anamnyima mtoto chakula bila kujua. Mwaka 2008, baada ya tetemeko la Sichuan, China, askari polisi Jiang Xiaojuan alisifiwa dunia nzima kwa kunyonyesha watoto kadhaa ambao si wake. Alistahili sifa zote. Hata hivyo, kambi haiwezi kupangwa kwa kutegemea shujaa mmoja.

Halafu vipimo. Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi machache ya VVU nchini, ila uchache wa mkoa haumwambii mtu hali yake. Mnyonyeshaji hupimwa kabla ya kuanza, kisha hurudiwa baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa maambukizi mapya hayaonekani mara moja. Upande wa pili husahaulika: mtoto naye anaweza kumwambukiza anayemnyonyesha. Huko Elista, Urusi, mwaka 1988 na 1989, watoto walioambukizwa hospitalini waliwaambukiza baadhi ya mama zao kupitia chuchu zenye michubuko. Kipimo cha haraka hakitoshi kwa mtoto mchanga, maana husoma kinga aliyorithi kwa mama. Inabidi tone la damu yake lipelekwe maabara kupimwa virusi vyenyewe. Kama kuna shaka juu ya mtoto, mnyonyeshaji akamue na mtoto anyweshwe kwa kikombe hadi majibu yarudi.

Kwa Wairaqw wa Mbulu na Hanang kuna jambo lisiloandikwa kwenye mwongozo wowote. Mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga ndiye hasa mwenye maziwa tayari. Lakini mila ya metimani ilimtenga mtu wa aina hiyo na wenzake kwa muda mrefu, asishiriki nao chakula wala vyombo. Kanisa na miaka vimelegeza mila hiyo. Bado nashikilia kwamba muuguzi asimkabidhi mama mfiwa mtoto wa mwenzake kabla wazee wa pande zote mbili hawajaketi. Mama mwenyewe aulizwe wa kwanza, tena faraghani, maana uchungu ni wake. Kwa familia za Kiislamu, jina la mnyonyeshaji liandikwe kwenye kadi ya kliniki: watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, na kwa madhehebu ya Shafii kunyonya mara tano kunatosha kuwazuia kuoana.

Asipopatikana yeyote, bibi au shangazi aliyewahi kunyonyesha anaweza kuamsha maziwa upya. Mrija mwembamba hubandikwa kando ya chuchu, ncha nyingine ikitumbukizwa kwenye kikombe cha maziwa. Mtoto anavuta chakula huku akilishtua ziwa. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, na huhitaji mkunga wa kukaa naye.

Yote haya yanaweza kuandaliwa kiangazi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anawajua wanaonyonyesha kijijini kwake. Awaulize sasa nani yuko tayari, aandike majina, ayapeleke zahanati kabla ya mvua za Novemba.